Kelele za Buruburu: Je, hilo kweli ni gari la spoti?

JUMAPILI alasiri, waumini wakishatoka makanisani na sufuria zikishateremshwa mekoni, barabara ya Mumias South inayoupasua mtaa wa Buruburu, Nairobi, hugeuka kuwa uwanja wa maonyesho. Magari yaliyooshwa yakatakata hupita moja baada ya jingine. Mengine yameinama karibu kulamba lami, mengine yananguruma kama simba mwenye homa. Watoto huacha mchezo wao wa kati wakakodoa macho. Wazee husonya. Nao mabarobaro waliosimama kando ya barabara huanza ule ubishi wao wa kila wiki ambao haujapata mwamuzi: lipi kati ya haya ni gari la spoti, na lipi ni gari la kawaida lililovalishwa tu?

Huenda ukauona ubishi huo kuwa wa kitoto, msomaji. Lakini katika mitaa hii ya mashariki mwa jiji ubishi wenyewe hula akiba za watu, huwagombanisha baba na wana, na mara nyingine humfikisha kijana katika chumba cha maiti kabla ya siku zake. Unastahili jibu.

Ili kuyaelewa mapenzi ya watu wa Eastlands kwa magari, sharti mtu aanzie pale City Stadium, uwanja ambao sasa una jina la mwanasoka Joe Kadenge, kisha aifuate barabara ya Jogoo kuelekea mashariki. Atapita soko la Burma na mtaa wa Shauri Moyo, kisha Kaloleni, Makongeni, Bahati, Maringo na Jericho. Nyingi kati ya nyumba za hapa zilijengwa kabla ya uhuru, au punde tu baada yake, kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, wa baraza la jiji na wa viwandani. Aliyezichora hakufikiria hata siku moja kwamba mpangaji wake angemiliki gari. Mpangaji alitarajiwa kuamka alfajiri akatembea hadi Industrial Area, au apande baiskeli, au adandie basi. Hakuna gereji, hakuna lango pana, hakuna mahali pa kuegesha. Ndiyo maana leo hii utaona magari yamejipanga kwenye viwanja vidogo vya nyasi ambako zamani watoto walicheza mpira, chini ya kamba za kuanikia nguo, na mwenye gari humlipa bawabu wa usiku ili aamke akalikuta na magurudumu yake yote manne.

Buruburu ni hadithi nyingine. Mtaa huo ulijengwa kwa awamu tano, au feizi kama wasemavyo wenyeji, tangu miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, nao ulikusudiwa watu wenye mshahara wa kulipia nyumba pole pole hadi iwe yao. Nyumba zilipangwa kuzunguka viwanja vidogo, na gari likatengewa nafasi karibu na mlango. Kwa kijana wa Jericho au Jerusalem aliyevuka barabara ya Rabai kwenda kumtembelea mwenzake, huko ndiko alikoona kwa mara ya kwanza gari linalolala nyumbani kama mtu wa familia.

Kisha kukawa na matatu. Zile za nambari 58 za kwenda Buruburu zilivuma jijini kote katika miaka ya 1990 kwa muziki na michoro yake. Waliziita manyanga, na kuna wanafunzi waliokubali kuchelewa shuleni wakingoja ile waliyoipenda. Sheria za Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, zilileta mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano ubavuni, michoro ikafutwa kwa muda. Lakini macho ya vijana yalikuwa yamekwisha kufunzwa. Walijua kwamba gari zuri ni lile linalosikika kabla ya kuonekana, na likionekana liwe limevaa.

Basi muulize barobaro wa leo anayeliita gari ndai au moti (babake aliliita dinga) akueleze gari la spoti ni lipi. Atakuhesabia kwa vidole. Kwanza, sauti: bomba la moshi liwe pana kama mtungi na lipasue hewa. Pili, liwe chini. Tatu, liwe na spoila, ile bawa ya nyuma. Nne, rimu ziwe kubwa na tairi ziwe nyembamba kama ukanda. Ukimuuliza kuhusu breki atakutazama kama aliyeulizwa habari za bibi yake kijijini.

Mambo hayo manne yote yanaweza kununuliwa kati ya Shauri Moyo na Kariobangi kwa siku moja, na hapo ndipo shaka inapoanza. Kitu unachoweza kukibandika kwa gundi asubuhi na kukibandua jioni hakiwezi kuwa ndicho kiini cha gari.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, gari la spoti ni lile ambalo mtengenezaji wake, tangu siku alipokaa mezani kulichora, alikubali kupoteza kitu kwa ajili ya dereva. Alipoteza viti vya nyuma, au buti, au starehe ya abiria, au bei nafuu, ili dereva akiugusa usukani gari litii papo hapo. Gari la familia limechorwa kwa ajili ya watu watano na mizigo yao. La spoti limechorwa kwa ajili ya mtu mmoja na barabara yenye kona. Mbio ni matokeo tu ya hayo, na si lazima ziwe za kutisha.

Waingereza waliolipa gari hilo sifa walitengeneza vigari vya MG vya viti viwili, vyenye injini ndogo ambazo leo zingechekwa na matatu yoyote. Havikuwa na mbio za ajabu. Vilikuwa vyepesi. Mhandisi Colin Chapman, aliyeanzisha kampuni ya Lotus, aliifanya hiyo kuwa kama dini: badala ya kuongeza nguvu, punguza kilo. Na Wajapani wa Mazda walipoleta MX-5 mnamo 1989, wakati watu wengi walidhani gari la aina hiyo limezikwa, walifuata njia ile ile. Viti viwili, injini ya sisi 1,600, nguvu za farasi zipatazo 115, na uzani usiofika tani moja. Hakuna gari la wazi la viti viwili lililonunuliwa na watu wengi duniani kulishinda.

Kwa nini uzani uwe jambo kubwa hivyo? Nenda Gikomba umtazame hamali mwenye mkokoteni. Akiwa amebeba magunia mawili ya viazi, huyo hukata kona kati ya watu huku akipiga mluzi na kuomba njia. Mpakilie magunia 12, mtu yule yule na mkokoteni ule ule, uone atakavyohangaika. Kuondoka ni kazi, kupinda ni kazi, na kusimama ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Kisha mbadilishie mzigo: mpe makochi yaliyopangwa juu hadi kimo cha mlango. Uzani huenda ukawa mdogo kuliko wa viazi, lakini kwenye kona ya kwanza mkokoteni utataka kulala ubavu. Hamali hahitaji diploma ya uhandisi kujua kwamba mzigo ukikaa chini, chombo hukaa imara.

Wahandisi wa Subaru walilizingatia jambo hilo. Katika injini nyingi pistoni husimama wima na kupanda na kushuka kama michi kinuni. Katika Subaru zimelala kifudifudi, upande huu na upande huu, zikirushiana ngumi kama mabondia wawili. Injini ikilala, uzani wake unashuka karibu na ardhi, na gari linaingia kona bila kuyumba sana. Hicho ndicho kitu cha kweli kilicho ndani ya magari mengi yanayopita Mumias South, nacho hakionekani kwa nje wala hakina sauti ya kutisha kikiachwa kama kilivyotoka kiwandani.

Hapa mjuaji mmoja atasimama na kusema kwamba kama ni wepesi, basi Toyota Probox ni gari la spoti! Ni kweli uzani wa Probox ni kama tani moja na ushei, na jinsi inavyoendeshwa kule Kisii na Meru, mwenye moyo mdogo hawezi kutazama. Lakini Probox ilichorwa ili ibebe. Springi zake za nyuma zinangoja mzigo, na ikiwa tupu huruka ruka kama mbuzi. Anayeikimbiza Probox analifanyia mzaha gari la mzigo, na mara nyingi analifanyia mzaha hata roho yake.

Jambo la pili ni kugawana kazi. Katika gari la kawaida la siku hizi, kama Corolla au Vitz, injini huyazungusha magurudumu ya mbele, na hayo hayo ndiyo yanayopinda. Ni sawa na mama anayepika ugali huku ameambiwa pia ambembeleze mtoto: mambo yakiwa shwari ataweza yote mawili, lakini ukimharakisha kimoja kitaungua. Gari la spoti la jadi humwachia mbele kazi ya kupinda na nyuma kazi ya kusukuma. Ndiyo maana mafundi wa umri fulani hutaja kwa heshima zile Corolla Levin na Sprinter Trueno zilizotengenezwa kati ya 1983 na 1987, ambazo injini yake ya sisi 1,600 ilisukuma magurudumu ya nyuma ilhali Corolla nyingine zilikuwa zimehamia mbele. Msimbo wake wa kiwandani ulikuwa AE86. Toyota na Subaru waliposhirikiana kuunda gari dogo la spoti mnamo 2012, Toyota waliliita 86 kwa ukumbusho huo. Altezza nazo, zilizotoka Japani kuanzia 1998 na ambazo zimejaa Donholm na Umoja, zina msukumo wa nyuma, ingawa zina milango minne na buti la kutosha mboga za wiki nzima. Mimi ningeziweka mlangoni pa ukumbi. Hazijaingia, lakini hazijafukuzwa.

Jambo la tatu, na hapa sitaki utani, ni breki. Gari likikimbia kilomita 50 kwa saa lina nguvu fulani ya mwendo ambayo lazima ikomeshwe ili lisimame. Likikimbia kilomita 100 kwa saa, nguvu hiyo haiwi maradufu, huwa mara nne, na breki zile zile zitahitaji umbali kama mara nne ili lisimame. Kila tairi hugusa lami kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mkono. Uhai wote wa walio ndani na wa yule mama anayevuka Outering Road na ndoo ya samaki umening'inia juu ya viganja hivyo vinne. Mtengenezaji wa gari la spoti anajua hivyo, akaweka sahani kubwa za breki na tairi pana zenye kushika kabla ya kuongeza farasi hata mmoja. Mvalishaji wa magari wa mtaani huanza na farasi, au zaidi na kelele za farasi, na breki huzikumbuka ajali ikishatokea.

Lakini hatuwezi kuzungumzia mapenzi haya bila kutaja Safari Rally, kwa sababu huko ndiko tuliko na mwamuzi wetu wenyewe. Mashindano hayo yalianza 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi yalikuwa ya Pasaka. Pasaka ikikaribia, watoto wa Kaloleni na Bahati walikunja waya wakatengeneza magari, magurudumu wakiyakata kutoka patipati kuukuu, wakayabandika nambari ubavuni na kuyakimbiza kwenye matope nyuma ya vyoo.

Sasa tazama mambo yalivyokuwa. Duniani kote, ukimwambia mtu achore gari la spoti, atakuchorea Porsche 911. Porsche walikuja Safari wakiwa na magari bora na madereva hodari. Mnamo 1972 walikuwa wa pili, nyuma ya Ford Escort ya Hannu Mikkola. Mnamo 1974 walikuwa wa pili tena, Björn Waldegård akiachwa na Joginder Singh wetu, yule Simba wa Kenya mzaliwa wa Kericho, aliyekuwa na Mitsubishi Lancer ndogo ya sisi 1,600. Mnamo 1978 wakawa wa pili kwa mara ya tatu, safari hii nyuma ya Peugeot 504. Katika Safari yenyewe 911 haikuwahi kushinda hata mara moja. Ilibidi Waldegård angoje hadi 2011, akiwa mzee wa miaka 68, ndipo akaishindia 911 yale mashindano ya kumbukumbu ya magari ya kale, Safari Classic. Miaka 37 ya kungoja!

Na waliokuwa wakishinda ni akina nani? Peugeot 404, gari lililobeba abiria, kuku na maiti kila pembe ya nchi, lilitwaa ushindi 1963, 1966, 1967 na 1968. Joginder na nduguye Jaswant walishinda 1965 kwa Volvo iliyokuwa imekwisha tumiwa katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Mtumba, kwa maneno mengine, na mtu wa Gikomba ana haki ya kutabasamu.

Mbona basi tusiseme kwamba Peugeot 404 ndilo gari la spoti halisi? Kwa sababu ya Datsun 240Z. Hiyo ilikuwa na pua ndefu, milango miwili, viti viwili, injini ya silinda sita ya sisi 2,400 na msukumo wa nyuma, na hakuna mtu angeinunua ili abebe mahindi. Ilikuja huku kwenye vumbi na tope ikashinda 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na ikashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka huo Mehta alilingana alama na Harry Källström, na ushindi ukaamuliwa kwa kuangalia nani alienda mbali zaidi kabla ya kupata alama ya kwanza ya adhabu. Kwa hiyo Safari haikuwa inayachukia magari ya spoti. Ilichokataa ni gari linaloweza kukimbia bila kufika. 404 lilikuwa gari la familia lenye mifupa ya chuma. 240Z lilikuwa gari la spoti lenye mifupa ya chuma. Aina mbili tofauti, na zote zikaheshimiwa.

Subaru ziliingia katika mapenzi hayo baadaye. Mnamo 1993 Patrick Njiru alileta kigari kiitwacho Vivio, chenye injini ya sisi 660, ndogo kuliko ya pikipiki nyingine, akakifikisha mwisho katika nafasi ya 12 huku magari makubwa yakiwa yameachwa yamefungua boneti porini. Colin McRae akashinda kwa Impreza mnamo 1997, na Richard Burns akashinda kwa Impreza nyingine mnamo 2000. Ndizo rangi ya samawati na rimu za dhahabu unazoziona hadi leo pale Umoja. Baada ya 2002 Safari iliondolewa katika mashindano ya ubingwa wa dunia, na iliporejea Juni 2021, Sébastien Ogier alishinda kwa Toyota Yaris. Kijana aliyezaliwa 2003 alikuwa hajaona Safari ya dunia maishani mwake, lakini Impreza aliijua kama anavyojua jina lake.

Impreza ni nini basi? Ukifuata kanuni yangu, ni gari la familia la milango minne, lililopewa turbo na kusukumwa na magurudumu yote manne ili lishinde mashindano. Ni binamu wa 404 kuliko wa 240Z. Najua nitatukanwa kwa hili katika vibanda vyote kutoka Mutindwa hadi Komarock. Nakubali kwamba ile ya WRX iliyotunzwa vizuri, ikiwa na breki zake kubwa na springi zake za kiwandani, humtii dereva kuliko magari mengi yenye viti viwili. Shida ni kwamba zilizotunzwa vizuri ni adimu mithili ya maji ya mfereji Kayole.

Shida kubwa zaidi ni wale wasio na Impreza wala pesa za kuinunua. Mambo huenda hivi. Baba wa Jericho anachukua mkopo wa sacco, analeta nyumbani Corolla safi. Kijana aliyemaliza chuo na hajapata kazi ndiye anayepewa kazi ya kumpeleka mama sokoni. Mwezi haujaisha, gari linarudi likinguruma. Mwezi wa pili, limeshuka chini. Baba anadhani ni tairi zimeisha upepo. Kumbe fundi amezikata springi kwa msumeno.

Hiyo kazi ya kukata springi ndiyo ningeomba kila mzazi aielewe. Springi ndiyo inayolisukuma gurudumu lirudi chini baada ya kuruka, ili kile kiganja cha tairi kiendelee kugusa lami. Ukiikata, nafasi ya kucheza inapungua. Gari likipanda tuta, chuma hugonga chuma. Likishuka shimoni, kipande kilichobaki huweza kuchomoka mahali pake. Vile vyuma vya kuzuia mtikisiko, ambavyo mafundi huviita shoki, huchoka upesi kwa kuwa vilitengenezewa springi ndefu. Gurudumu hudunda badala ya kutembea, na gurudumu lililo hewani halina breki. Gari lililokatwa springi hivyo linaonekana la spoti likiwa limesimama. Likianza kwenda, limepungukiwa hata na ule ubora aliouuza mtengenezaji kwa mwalimu wa shule ya msingi.

Spoila nayo? Kazi yake ni kuukandamiza mkia wa gari chini kwa upepo, na upepo huo hauna nguvu ya maana hadi gari likimbie mbio ambazo sheria haiziruhusu mjini, ambako kikomo ni kilomita 50 kwa saa. Tena Corolla inasukumwa na magurudumu ya mbele. Bawa hilo linayakandamiza yasiyofanya kazi. Bomba pana la moshi nalo, likiwa peke yake, huongeza nguvu kidogo mno isiyotambulika, ila majirani wa Maringo ambao kuta zao ni nyembamba na watoto wao wamelala watalitambua.

Matokeo tunayasoma magazetini. Katika miaka ya karibuni barabara za Kenya zimekuwa zikiua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na kundi kubwa kati yao ni watu wanaokwenda kwa miguu. Outering Road ilipopanuliwa, kutoka Donholm hadi Thika Road, gari lilipata nafasi ya kukimbia, lakini mitaa iliyo pande zote mbili haikuhama. Watu bado wanavuka kwenda kazini, sokoni na kanisani. Usiku wa manane barabara ikiwa tupu, ndipo mabarobaro huenda kupima nani ana gari la spoti. Hawajui kwamba wanachopima ni breki, na kwamba mtihani huo haurudiwi. Anayetaka kujipima kwa haki kuna mashindano ya autokrosi katika viwanja vilivyotengwa, yenye kofia za chuma, gari la wagonjwa na mtu wa kupeperusha bendera. Huko aliyeondoka hapa akijiita bingwa hupitwa na mwanamke mwenye Corolla kuukuu isiyo na spoila, na hurudi nyumbani akiwa ametulia.

Kwa familia zinazofikiria kununua Impreza au Altezza ya zamani, kuna mambo machache ya kuzingatia. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo zile WRX za kabla ya 2010 zinazouzwa mtaani zimekuwa humu nchini muda mrefu na zimepitia mikono mingi. Usiende kuliona gari mchana lilipokwisha kupashwa moto. Nenda alfajiri na uombe liwashwe mbele yako likiwa baridi. Moshi wa samawati ukitoka, oili inaungua, na huenda turbo imechoka au pistoni zimechoka. Uliza mkanda wa injini ulibadilishwa lini, na usikubali jibu la "juzi juzi". Ukikatika, injini huweza kujiharibu yenyewe kwa dakika moja. Inama uangalie springi. Iliyokatwa utaijua, kwani ncha yake ina alama ya msumeno na rangi imebanduka. Pitisha kidole kwenye sahani za breki kupitia matundu ya rimu, gari likiwa baridi. Zikiwa na mifereji na ukingo mkali, gari hilo limekimbizwa sana na kutunzwa kidogo.

Kisha mwombe mwenyewe akuendeshe kutoka Buruburu hadi Jogoo Road kupitia Rabai Road, kwenye matuta yote, redio ikiwa imezimwa. Akikuambia redio haizimiki, shuka hapo hapo. Matatu za kurudi mjini ni nyingi.